Picha ya Mlangoni kwa Fundi Yusufu

Doha, 14 Januari 2024

Kwako Bibi Riziki, mke wangu mzee,

Shikamoo. Mumeo ni mzima, kifua kimepona na nimerudi kula kama zamani. Natumai miguu imepunguza kuuma na yule jogoo wako mkorofi ameshaingia chunguni. Naandika kwa kalamu kama ulivyoagiza, kwa sababu simu na masikio yako havipatani tena. Mara ya mwisho nilikuuliza afya, ukanijibu habari za mvua ya Sikonge. Barua hii anakuja nayo Salma wa Igunga, anayefanya kazi za ndani kwa familia moja Al Wakrah. Ana likizo ya miezi miwili, kwa hiyo jibu mpe yeye.

Habari kubwa ni kwamba nimehamishwa lindo. Nimetolewa geti la magari nikapelekwa ndani ya hoteli, korido ya ghorofa ya kwanza inayokwenda kwenye kumbi za mikutano. Kuna kiyoyozi mpaka navaa fulana mbili. Kazi yenyewe ni kusimama saa kumi na mbili, kuwaonyesha wageni choo kilipo, na kuangalia asiondoke mtu na kitu kisicho chake. Msimamizi wetu, Kioko, Mkamba wa Machakos, alisema nimepewa lindo hilo kwa kuwa sina maneno mengi. Najua umecheka hapo.

Sasa mbele yangu ukutani kuna picha kumi na moja ndani ya fremu nyeusi. Ni za Waingereza. Zilichapwa London miaka mia mbili iliyopita, zikapakwa rangi kwa mkono, na si za wafalme wala vita. Ni watu wa kawaida wanachekwa kwa mambo yao ya kila siku. Kuna mama aliyevaa kofia pana mno, mvua inanyesha na watu saba wamejibanza chini yake, mmoja na mbwa wake. Kuna karamu katika nyumba ndogo: wageni wamejaa kwenye ngazi hawapandi wala hawashuki, nywele za bandia za bwana mmoja zimenasa kwenye kifungo cha mwenzake, na mwenye nyumba yuko juu anawaambia karibuni. Kuna bwana aliyevimba mguu kwa ulaji, ameuweka juu ya kigoda, na daktari anamkataza nyama huku ile nyama anaila yeye.

Loice, dada wa Kikenya anayefuta vumbi kwenye fremu, ndiye anayenisomea maandishi ya chini, Kiingereza cha kale kinachonishinda. Kila Ijumaa huenda kusali kanisani kwao Mesaimeer, na amekula yamini kwamba yule bwana wa mguu ni shemasi wa huko. "Aki huyu ni deacon wetu," aliniambia, "hadi hiyo kidevu."

Nimekuchorea ile ya kofia nyuma ya karatasi ya zamu. Ni mara ya kwanza kushika penseli kwa kazi hiyo tangu nitoke nyumbani, kwa hiyo usinisahihishe sana.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mumeo,
Faraji


Tabora, 25 Februari 2024

Kwako Faraji, mume wangu mtoro,

Marahaba. Salma amefika na barua, na sabuni, na ule mtandio ambao rangi yake inafaa msichana wa shule, lakini nitauvaa ili watu wajue nina mume Uarabuni. Miguu inauma asubuhi na kutulia mchana. Jogoo hajaliwa. Nimemwachia aishi kwa sababu ndiye mtu pekee hapa mtaani Ng'ambo ambaye sauti yake bado naisikia.

Umeandika niwasalimie wote hapo nyumbani. Wote ni akina nani? Nyumba ina watu wawili, mimi na baba yako, na mimi umeshanisalimia.

Picha nimeionyesha kwa walimu wastaafu wenzangu siku ya kikao chetu. Wote kwa pamoja wamesema yule mama ni Bi Nasra siku ya harusi ya mwanawe, ila Bi Nasra mwenyewe, ambaye amesema ni mimi. Nimekupa nane kwa kumi. Mbwa ana miguu mitano na hilo sikuweza kulifumbia macho, maana nimefundisha miaka thelathini na nne na sikuwahi kumpa mtu alama za mguu wa ziada.

Niletee nyingine. Mkono wako haujaharibika, na nilikuwa na hofu hiyo. Tangu mama yako afariki nimekulea ukiwa na mkaa mkononi, ukuta wangu wa jikoni ni shahidi, na hii miaka mitatu ya ukimya wa penseli imenikaa vibaya moyoni.

Baba yako yupo. Anaamka, anakwenda kibandani kushona, anarudi. Hajaniuliza habari zako na mimi sikumwambia kwamba umeandika. Bahasha aliishika, akaigeuza, akairudisha mezani. Sijui ninyi wawili mnanifanya mimi nini, ukuta wa kati au mwalimu wa zamu. Mwandikie mistari miwili. Miwili tu, Faraji.

Mkeo mwenye mtandio mwekundu,
Riziki


Doha, 19 Aprili 2024

Bibi mpenzi,

Shikamoo, na Idi imepita salama. Tulisali uwanjani, tukapika pilau kempu, kwenye mabweni yetu, Watanzania kumi na wawili na Waganda watatu waliokuja kwa harufu. Wametupa sare mpya kwa ajili ya sikukuu. Suruali imeshonwa na mashine isiyowahi kuonana na Mnyamwezi. Nikiinama nasikia mshono wa nyuma unalalamika.

Nimepata mwalimu mwingine, usione wivu. Alikuwa mgeni wa mkutano, mama wa makamo anaitwa Jennifer. Alinikuta nimezikodolea macho zile picha, akasimama karibu nusu saa kunielezea, mpaka Kioko akapita akanitazama kwa jicho la pembeni. Anasema zamani zile picha ziliuzwa madukani, na mwenye duka alizibandika zote dirishani zitazame barabarani. Waliokuwa na uwezo waliingia kununua. Wasio na uwezo walijazana nje, wapishi, watumishi, wanafunzi, wanasukumana na kucheka bure. Na mara nyingine, anasema, aliyechorwa alikuwa anapita njia hiyohiyo.

Bibi, aliposema hivyo nilijisikia vibaya mpaka nikamwomba radhi nikaenda kunawa uso. Nilikumbuka mlango wa kibanda cha baba.

Unajua yote, lakini acha niyaandike, maana sijawahi kuyasema. Ilikuwa wiki ya Idi, mwaka ishirini na moja, kibanda kimejaa watu wanaosubiri nguo. Jumanne yake baba alikuwa ameshona pindo la kanzu ya Mzee Saidi, muuza asali, akalishona pamoja na mkono wa shati lake mwenyewe. Walisimama wote wawili wakawa wanavutana. Watu walicheka na baba pia alicheka. Wakati huo alikuwa ameanza ule mtindo wake wa kumwambia kila mteja alete nguo ya mfano badala ya kumpima kwa futi, na mimi nilidhani ni uvivu wa uzeeni. Basi nikakaa nikachora: Mzee Saidi anaondoka na kanzu mpya, na nyuma yake anamburuta Fundi Yusufu aliyeshonewa pindoni, na cherehani, na meza, na wateja wote na nguo zao za mfano. Nikaibandika mlangoni kabla hajafika. Kufika saa nne, mtaa mzima ulikuwa nje, na simu zote juu.

Nilichora kwa mapenzi. Kosa langu ni kwamba wewe umenilea kwa utani, asubuhi unaniita mume, jioni unanidai talaka, na nikasahau kwamba huo ni wa bibi na mjukuu. Baba hataniwi. Alikuja, akasimama mbele ya karatasi, akaigusa, akaibandua, akaikunja mara nne akaitia mfukoni mwa koti.  Nikaondoka miezi mitano baadaye na bado hakuwa amesema neno.

Sasa nitamwandikia mistari miwili ya nini? Neno samahani nilimwambia uso kwa uso mara tatu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Nakutumia ile karamu ya ngazi. Hesabu miguu.

Faraji wako


Tabora, 2 Juni 2024

Kwako mume wangu mwenye suruali inayolalamika,

Marahaba. Miguu nimehesabu, iko sawa, ila bwana mmoja hana shingo. Tisa.

Mahindi tumevuna kiasi. Bi Nasra ameanguka bafuni lakini hakuvunjika, ameumia heshima tu. Mvua zimeisha na vumbi limeanza.

Hayo ya mlangoni nimeyasoma mara mbili. Sijibu chochote humo, kwa sababu yaliyobaki si yangu kusema. Ya baba yako muulize baba yako. Mimi nakupa habari za nyumbani tu kama kawaida.

Kila asubuhi baada ya chai ananipa kazi. Ananiletea mto wa sindano na mimi naingiza nyuzi, sindano thelathini, nyeupe kumi na tano na nyeusi kumi na tano. Anakwenda nazo kibandani. Anasema ni kuokoa muda. Uzi wa cherehani ukiisha hauchomoi, anaufunga fundo na ule mpya ili uvutane wenyewe. Ile futi yake ya shingoni ameining'iniza msumarini nyuma ya mlango na mimi naifuta vumbi. Wateja wamepungua. Juzi ametia chumvi kwenye chai yangu, na nilipomwambia akasema ni ulimi wangu umezeeka kama masikio. Nikainywa.

Hizo ndizo habari. Niletee picha nyingine, na safari hii chagua mwenyewe iliyo bora kuliko zote.

Mkeo,
Riziki


Doha, 12 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Joto limefika pale ambapo hata Waarabu wanalisema. Wenzangu wa geti wanakunywa maji ya moto kutoka kwenye chupa zilizokuwa baridi nusu saa kabla. Namshukuru Mungu kwa korido yangu. Loice amerudi kwao likizo na picha zimepata vumbi. Nazifuta mwenyewe kwa leso.

Uliniomba picha bora. Kuna moja, ya kumi kutoka mlangoni, ambayo sikuwahi kukuandikia. Mzee ameketi karibu na dirisha, anaingiza uzi kwenye sindano. Nyuma yake iko familia nzima, mke, mabinti, mtumishi wa jikoni na hata paka, wote wameziba midomo wasisikike wakicheka. Miezi sita nimesimama mbele yake, na kila siku nilicheka pamoja nao.

Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko, nikarudi lindoni nayo mfukoni. Nikamtazama yule mzee. Bibi, ule uzi haumo kwenye sindano. Umepita pembeni kabisa, vidole viwili kutoka kwenye tundu, na yeye anatabasamu kwa sababu anaamini umeingia. Wanaocheka wanaona. Yeye haoni, na hajui kwamba wanaona. Nilijibanza ukutani. Kioko alikuja akaniuliza, "Wewe Faraji, hizo picha zimekufanyia nini leo?" 

Sindano thelathini kila asubuhi. Fundo kwenye uzi wa cherehani. Futi msumarini. Nguo za mfano. Pindo la Mzee Saidi.

Bibi, macho ya baba yakoje?

Sikuchora kitu safari hii. Barua anayo mpishi mmoja wa Nzega, atakukabidhi mkononi. Tafadhali nijibu hilo hata kama hutajibu jingine.

Faraji


Doha, 30 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Mpishi wa Nzega amerudi jana. Anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukamwambia hakuna jibu. Alidhani ameeleza jambo dogo.

Wewe hujawahi kukosa jibu. Uliwahi kumjibu mkuu wa wilaya kwenye mkutano wa hadhara. Nakuogopa ukinyamaza kuliko ukinigombeza.

Mjukuu wako,
Faraji


Tabora, 27 Septemba 2024

Kwako Faraji,

Marahaba mwanangu. Leo sina utani, kwa hiyo kaa chini usome.

Nilikuwa nimeapa. Baba yako aliniapisha kwa msahafu kwamba sitamwambia mtu, na wewe akakutaja kwa jina. Nimekwenda kwa shehe, nikamweleza, nimefunga siku tatu za kafara, na sasa naandika. Ndiyo maana nilichelewa.

Baba yako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yalianza muda kidogo kabla ya ile Idi. Alikuwa akiona ukungu, hakumwambia mtu, kwa sababu fundi wa nguo akisema haoni, kesho yake hana mteja. Alikuwa anashona kwa mazoea ya vidole. Lile pindo la Saidi alilicheka kwa nguvu ili watu wadhani ni ajali.

Halafu wewe ukachora. Faraji, ile picha baba yako hakuiona. Alisimama mbele yake mtaa mzima ukicheka, na mbele ya macho yake palikuwa na karatasi nyeupe yenye moshi. Aliigusa kwa sababu alikuwa anatafuta ukingo wake. Ndipo akamuuliza Saidi pole pole, amechora nini huyu? Na Saidi, ambaye hana ubaya lakini hana pia kizuizi mdomoni, akamwambia: "Amekuchora kama kipofu."

Unaelewa sasa? Siri ambayo wakati ule aliificha hata kwangu, alidhani mwanawe ameigundua, na badala ya kumshika mkono ameibandika mlangoni. Miaka mitatu anaamini kwamba ulijua, na mimi haniamini nikimwambia si hivyo.

Na mimi ninalo langu. Siku ile nilikuwepo. Nilipita kumletea uji, nikaiona, nikacheka kuliko wote, mpaka nikashika nguzo. Alinisikia. Ndiyo sababu hakuniuliza mimi ile picha ikoje, akamuuliza jirani. Ningemweleza mimi ingekuwa habari nyingine. Hilo nalilala nalo na kuamka nalo.

Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya mkoa mwezi wa kumi na moja, wiki nzima, wanatoa mtoto wa jicho. Nimemwambia. Amekataa. Anasema akienda kujipanga kwenye foleni ile, mji wote utajua kwamba mwanawe alisema kweli. Ukungu umeongezeka. Jana alinishika bega akadhani ni mlango. Daktari wa zahanati ameniambia tusikae nayo zaidi, akianguka barabarani itakuwa jambo jingine.

Nimechoka kuingiza nyuzi, Faraji. Si kwa mikono. Moyo ndio umechoka.

Bibi yako,
Riziki


Doha, 25 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimesoma nimekaa chini, kama ulivyosema, kwenye ngazi za nyuma za hoteli. Nililia mpaka Loice, aliyekuwa akipita na ndoo, akaniachia ndoo akaenda kuniletea maji.

Sikujua. Mwambie hivyo, lakini najua hatakuamini, kwa kuwa mimi mwenyewe nisingeamini. Nilikaa kibandani kwake kila siku, nikaona kila kitu kinachochekesha, na sikujiuliza kwa nini kinatokea. Huko ndiko kulikuwa kukosa kuona, na nilikuwa na macho mazima.

Na wewe ulicheka kwa sababu ilichekesha. Mimi ndiye niliyeibandika. Lala sasa.

Nimechora tena, wiki tatu, kila mapumziko. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka nikaanza upya. Nimepaka na rangi, kama hizi za ukutani. Imo kwenye bahasha ya kaki niliyoifunga kwa plasta. Ni ya baba. Usiifungue, na usimwambie kilichomo, kwa sababu hukijui.

Kioko amesema likizo yangu itakuwa mwezi wa tatu, kwenye Ramadhani, ili Idi nile nyumbani. Sijui kama nitalala kwetu au kwa Bi Nasra. Hilo ataamua mwenye nyumba.

Salma anarudi nyumbani moja kwa moja, mkataba wake umekwisha. Barua atakuletea kabla ya madaktari.

Mumeo aliyekuwa haoni,
Faraji


Tabora, 14 Desemba 2024

Kwako Faraji, mume wangu,

Marahaba, marahaba, na mara ya tatu marahaba. Mvua inanyesha vizuri, jogoo ameshaliwa hatimaye, na utajua kwa nini. Barua hii itakuja kwa posta ya haraka, kwa anwani ya hoteli yako, maana sina subira ya kumsubiri mpishi.

Bahasha nimeifungua. Uliniambia nisiifungue na mimi ni mkeo, ulitegemea nini? Nikaitazama, nikakaa kitako. Nikaifunga tena kwa plasta yako ileile, nikaenda kuiweka mbele ya baba yako nikamwambia, Faraji amekuletea picha. Akainyanyua, akaisogeza puani, akaipeleka dirishani, akaigeuza. Akairudisha mezani kama haimhusu. Jioni, wakati wa kula, akaniuliza huku ameuelekea ukuta, eti amechora nini tena huyo.

Nikamwambia: "Sikwambii mstari hata mmoja. Safari iliyopita ulielezewa na mtu mwingine, tumeona matokeo yake. Hii utaiona mwenyewe."

Amenuna siku nne. Siku ya pili alimwita Saidi ampe habari, lakini picha nilikuwa nimeivaa kiunoni chini ya kanga, na Saidi ana adabu zake. Siku ya tatu aliniambia huo ni ukatili kwa mtoto wako mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Siku ya tano, asubuhi, nilipomletea chai alikuwa amevaa lile koti lake na viatu. Akasema, hao madaktari wanaanza saa ngapi.

Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje ya geti. Mji wote ulituona. Na unajua nani alikuwa mbele yetu? Bi Nasra, kumbe ile kuanguka bafuni haikuwa sabuni. Na nyuma yetu mafundi wawili wa sokoni, wote wanashona kwa nguo za mfano. Baba yako alisikia sauti zao akaanza kutulia.

Walianza na jicho la kulia. Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Alimtazama nesi, akanitazama mimi, akasema nimezeeka. Nikamwambia na yeye pia. La kushoto wamesema mwezi wa pili.

Kufika nyumbani hakuvua hata koti. Akaketi dirishani akasema, lete.

Nilisimama nyuma yake tukaitazama pamoja. Wewe pale, kifua mbele, sare imepigwa pasi, unalinda ukuta kama hazina ya benki, na suruali yako imepasuka nyuma kutoka kiunoni mpaka gotini bila wewe kujua. Na wote ndani ya fremu wamejitokeza nusu nje wanakucheka: mama wa kofia, bwana wa mguu, wa ngazini, na yule mzee wa sindano peke yake hacheki, ananyoosha mkono nje ya fremu na sindano yake, na uzi umeingia, anataka kukushonea. Masikio yangu hayakusikia kitu, lakini niliona mabega ya baba yako. Yalianza polepole, kisha yakatikisika mpaka kiti. Alicheka mpaka nikamwambia angalia jicho, litatoka.

Halafu akaiweka kando. Akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa ile ya zamani, imekunjwa mara nne, mikunjo imekaribia kukatika. Miaka yote anatembea nayo. Akaikunjua gotini. Aliitazama kwa muda ambao ningeweza kupika ugali. Nilimwona anaongea, nikamwambia rudia, sisikii. Akarudia kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

"Mama, mbona hapa nina macho? Kanichora macho wazi, makubwa, namtazama Saidi. Huyu si kipofu."

Nikamwambia hapana, siyo. Hakuwahi kuwa kipofu humo.

Akalia, Faraji. Sijamwona akilia tangu tumzike mama yako. Nikatoka nje nikamchinja jogoo, kwa sababu mtu alihitaji kula na mimi nilihitaji kufanya kitu.

Kumi kwa kumi. Usizoee.

Ukurasa huu uliobaki ameuomba. Ameukalia tangu asubuhi na kalamu yangu nyekundu, na amekataa nimsaidie.

Mkeo,
Riziki


Faraji,

Suruali uliyochora imeshonwa ovyo. Mshono wa nyuma unarudiwa mara mbili, na uzi ungekuwa mzito. Mwambie huyo Kioko.

Nilikaa na hasira ya picha ambayo sikuwa nimeiona. Hilo ni langu, usilibebe. Zote mbili nimezibandika mlangoni kibandani, watu wanaziona.

Bibi yako anasema unakuja mwezi wa tatu na unauliza utalala wapi. Chumba chako kimefagiliwa. Nataka kukushonea kanzu ya Idi, na futi nimeishusha msumarini.

Usilete nguo ya mfano. Nitakupima mwenyewe.

Baba yako,
Yusufu